Mke wangu anasema nilimpenda zaidi nilipokuwa kwenye haramu

Assalaam alaykum anti. Naomba jina langu usilitoe, nina watu wanaonijua na mke wangu pia wanamjua.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nimeoa, huu ni mwaka wa saba, tuna binti wa miaka mitano na mdogo wake bado ananyonya. Mke wangu alikuwa Mkristo, alisilimu mwaka mmoja kabla ya ndoa yetu, na niseme kabisa hakusilimu kwa ajili yangu kama watu wanavyodhani, alikuwa anasoma mwenyewe na kuniuliza maswali ambayo mimi niliyezaliwa ndani ya Uislamu sikuwahi hata kuyawaza.

Sasa kabla ya hapo tulikuwa na uhusiano, karibu miaka mitatu. Siwezi kuupamba kwa jina zuri, tulikuwa tunatoka, tunakaa wawili tu, Mungu anatujua na namuomba atusamehe. Enzi hizo kila tarehe 14 Februari nilikuwa namwandikia kadi kwa mkono wangu na kumpelekea maua, yaani nilikuwa najipanga wiki nzima nitaandika nini, nachana karatasi naanza upya.

Tulipooana nikaanza kukaa darasa msikitini, nikabadilika, alhamdulillah. Ile miaka mitatu ikaanza kunitia aibu kubwa, kwangu mimi maua mekundu na kadi ikawa ni kama harufu ya dhambi yangu. Shehe wetu akatusomesha ile hadithi kwamba mwenye kujifananisha na watu basi naye ni katika wao, nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu mambo ya Valentine basi, tumeyaacha. Hakubisha hata kidogo. Nami nikaona limeisha.

Mwaka huu tarehe hiyo hiyo nimetoka isha nikakuta watoto wamelala, mke wangu kavaa gauni jekundu, mezani kuna ua moja ndani ya glasi ya maji, na pembeni kuna bahasha iliyochakaa ina kadi zangu zote tatu. Sikujua kama anazo. Hakusema kitu, alikuwa anatabasamu tu. Mimi badala ya kusema hata salamu vizuri nikasema "haya mambo ya makafiri si tulishayaacha, unataka uturudishe kulekule?"

Anti, nilimwona uso unavyobadilika. Akaniambia taratibu, "Hao makafiri ni mama yangu." Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo hayanitoki, "Ulinipenda tulipokuwa kwenye haramu. Tumeingia kwenye halali ukaninyamazia." Akachukua glasi akamwaga maji, akaenda kulala.

Kilichonimaliza zaidi ni wiki hiyohiyo binti yetu alikuja na moyo wa karatasi nyekundu kutoka shule, kaandika "baba" kwa herufi za kupinda, B imegeukia upande wa pili. Akanipa. Nikaupokea nikauweka juu ya meza, sikusema kitu maana sikujua niseme nini, niuharamishe au nimshukuru. Siku mbili baadae nimefungua kabati la jikoni nikaukuta umebandikwa mlangoni, upande wa ndani.

Tangu hapo ni miezi sasa. Mke wangu hajanuna, hiyo ndo inaniumiza kichwa. Salamu anatoa, alfajiri tunaswali pamoja, kila kitu cha nyumba kinaenda, ila ni kama naishi na mtu mwenye adabu sana. Na sasa mama yake ametualika tarehe 25 Disemba kama kila mwaka, na kila mwaka mimi nakataa. Zamani alikuwa ananiomba. Safari hii amesema tu "mama katualika, nimemwambia nitamjibu" akaendelea na kazi zake.

Rafiki yangu wa msikitini anasema mwanamke ukimlegezea kwenye dini atakupanda kichwani. Dada yangu anasema mnunulie ua yaishe. Mimi nauliza, mapenzi ya aina ile niliyokuwa nayo kwenye zile kadi yana nafasi kwenye dini yetu au ni ujana tu? Nikifanya anachotaka nitakuwa nimeuza dini yangu? Na nisipofanya, nitabaki na mke au nitabaki na mtu wa kuswali naye tu? Nisaidie anti, nampenda huyu mwanamke.

*

Waalaykum salaam warahmatullah kaka yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika mwisho nasimama kwenye yale maneno matatu uliyoyaandika kama umechoka tu unafunga barua, nampenda huyu mwanamke. Nikajiuliza, je yeye ameyasikia hivi karibuni? Maana mimi nimeyasikia na hata sikujui.

Niseme mapema mie si mufti, halali na haramu utaichukua kwa unayemwamini kwenye elimu. Nitakueleza ninavyoona na yale niliyojifunza, mengine utapima mwenyewe. Na nimesikia upande mmoja tu, mkeo hajaniandikia, kwa hiyo nikimsemea mahali ujue nakisia.

Ninavyoielewa barua yako, kuna vitu viwili ulivifunga fundo moja siku ile uliyorudi kutoka darasani. Kimoja ni siku, tarehe 14 Februari. Kingine ni namna ya kumpenda mkeo kwa wazi, kumwandikia, kumsifia, kumpangia kitu wiki nzima. Ulipoitupa siku ukatupa na vile vingine vyote kwa pamoja, na nadhani hukukusudia, ilikuwa ni aibu. Wewe mwenyewe umesema ilikuwa harufu ya dhambi. Lakini hebu jiulize, kwenye ile miaka mitatu kosa lilikuwa lipi hasa? Ni kukaa faragha na mwanamke ambaye si mkeo, na kilichofuatia. Kuandika "nakupenda" kwa mkono wako, je, nalo lilikuwa dhambi, au lilikuwa jambo zuri lililokaa mahali pasipo pake? Maana leo mahali pake papo. Huyo ni mkeo.

Unauliza mapenzi ya aina ile yana nafasi kwenye dini. Kaka yangu, siku hizi tunasomeshwa sana mambo ya haki za mume na haki za mke mpaka tunasahau nyumba ya Mtume (s.a.w.) ilikuwaje. Sahaba wake Amr bin al-As alimuuliza ni nani unayempenda zaidi kuliko watu wote, akajibu "Aisha," akataja jina la mkewe mbele ya mwanaume mwenzake bila kuona haya, ndo Amr akauliza na katika wanaume, akasema "baba yake." Bi Khadija, mkewe wa kwanza, alipofariki, miaka na miaka baadae Mtume akichinja mbuzi anatuma nyama kwa marafiki wa marehemu mpaka bi Aisha anaona wivu, na Mtume akasema kwamba yeye aliruzukiwa mapenzi ya Khadija. Aliruzukiwa! Kama riziki. Bi Aisha mwenyewe anasimulia walivyoshindana mbio akamshinda, na baadae alipoongezeka mwili Mtume akamshinda yeye, akamwambia hii kwa ile. Anasimulia pia alikuwa akinywa kwenye chombo akiwa hedhini, Mtume anakichukua na kuweka mdomo wake palepale ulipokuwa mdomo wa mkewe. Na sahaba mwingine, Saad bin Abi Waqqas, akaambiwa na Mtume hata tonge unalomtilia mkeo mdomoni lina malipo. Sasa hiyo ya tonge utaiita nini kama si mahaba?

Kuna kisa kingine nakipenda sana, cha Mughith na Barira. Wote walikuwa watumwa, wameoana, Barira akaachiwa huru na sheria ikampa haki ya kuchagua abaki au aondoke, akaondoka. Mughith akawa anamfuata kwenye njia za Madina analia, machozi yanateremka kwenye ndevu. Mtume akamwonyesha ammi yake Abbas, akastaajabia jinsi huyu anavyompenda yule na yule asivyomtaka huyu. Hakumwambia Mughith acha ujinga jikaze wewe ni mwanaume. Alimwendea Barira akamwombea, Barira akauliza, unaniamrisha? Akasema hapana, mimi naombea tu, Barira akasema basi sina haja naye, na ikaishia hapo. Ukisoma kisa hiki unaona mapenzi ya mtu kwa mkewe hayakuonekana upuuzi, na vilevile hayakulazimishwa. Hata Ibn Hazm, mwanachuoni wa Andalusia wa karne ya 11 na mtu mkali kweli kwenye fiqhi, alikaa akaandika kitabu kizima juu ya mapenzi na dalili zake. Kwa hiyo sidhani kama ulichokuwa nacho kwenye zile kadi ni ujana tu.

Sasa siku yenyewe. Shehe wako hakukudanganya, hiyo hadithi ipo, ameipokea Abu Daud, na ipo nyingine ya Anas kwamba Mtume alifika Madina akakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawaambia Mungu amewabadilishia zilizo bora zaidi, Adha na Fitri. Wanaokataza wanasimama hapo na hoja yao ina uzito, usiache mtu akakufanya uone umekuwa mshamba kwa kuifuata. Malaysia baraza lao la fatwa la taifa lilitamka mwaka 2005 kwamba haifai Muislamu kuiadhimisha, na Pakistan mwaka 2017 mahakama kuu ya Islamabad ikazuia isisherehekewe hadharani. Ila ujue pia si wote wamefika hapo. Saudia kwenyewe, ambako askari wa maadili walikuwa wanapita madukani kuondoa maua mekundu, mwaka 2018 Shehe Ahmed Qasim al-Ghamdi, aliyewahi kuiongoza idara hiyohiyo upande wa Makka, alijitokeza akasema hili ni jambo la kijamii lisilogongana na dini. Na Misri wamo wa Dar al-Ifta, taasisi yao ya kutoa fatwa, waliosema watu kutenga siku ya kuonyeshana upendo hakuna ubaya, mradi pasiingie yaliyoharamishwa.

Wanachotofautiana hapa ni kimoja, wengine wanaangalia jambo lilikotoka, wengine wanaangalia limekuwa nini leo. Lilikotoka ni Valentine aliyeuawa Roma karne ya 3, mtakatifu wa Kikristo, na mambo ya wapenzi yalikuja kubandikwa juu yake kwenye mashairi ya Kiingereza ya karne ya 14. Leo? Kanisa Katoliki lenyewe lilimtoa kwenye kalenda yake kuu mwaka 1969. Huenda mama mkwe wako hajawahi kuisali hiyo siku maishani mwake. Nakwambia haya ili ujue unapoishika rai yako, na unayo haki ya kuishika, unashika rai moja kati ya rai za wenye elimu, na mkeo akiwa na nyingine hajatoka kwenye dini, wala hakutaka kukurudisha kokote.

Na hapa naomba nikuulize jambo, kwa upole. Una uhakika mkeo alikuwa anataka Valentine? Alikaa kimya miaka yote tangu ulipomwambia basi. Angekuwa ni mtu wa sikukuu si angelianzisha zamani? Mimi nikiangalia ile meza naona ua moja na kadi tatu zenye mwandiko wako. Mtu anayetaka sherehe halisi hatoi bahasha kuukuu. Nakisia tu, lakini huyu mwanamke alikuwa anakuonyesha wewe, mtu aliyekuwa anachana karatasi na kuanza upya, kama vile anauliza huyu yupo wapi. Tarehe ndo ilikuwa kisingizio alichokipata.

Lile neno. Najua lilikutoka. Lakini mwanamke aliyesilimu kwa hiari yake, tena kwa kusoma, anabeba kitu ambacho mimi na wewe tuliozaliwa humu hatukijui, kila siku anaishi katikati ya watu wawili anaowapenda, imani yake na mama yake. Wewe ukamwekea mama yake kwenye sentensi kama tusi, usiku, akiwa amejipamba kwa ajili yako. Miezi imepita umeniandikia habari za hukumu ya siku, hukuandika popote kwamba ulimwomba msamaha kwa hilo neno. Labda ulimwomba hukuandika tu. Kama bado, hilo halisubiri fatwa ya mtu.

Umeniuliza ufanye nini. Kuna njia kadhaa na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kubaki na msimamo wako wa kutoiadhimisha siku, ila ukarudisha yale mengine, kadi, maneno, kutoka naye, siku nyingine yoyote. Hii wengi wataipenda na inakaa vizuri na moyo wako. Mwiba wake ni kwamba "siku yoyote" ina tabia ya kugeuka hakuna siku, na wewe umeshaiishi hiyo hali miaka kadhaa. Na akihisi unamtimizia ratiba kama mtu anayelipa deni la mashehe, atashukuru kwa adabu, na adabu yake unasema ndo inakuumiza.

Unaweza kuchukua tarehe yenu wenyewe, siku mliyofunga ndoa. Wapo wanaoona hata hilo ni kuiga, uliza kwanza. Wengine wanaifuata kwa kalenda ya Hijria, ambayo ni fupi kwa siku kama 11, kwa hiyo inazunguka mwaka mzima na haigandi kama sikukuu. Ila kitu hiki mkikipanga mkae wote wawili. Ukimletea umeshaamua, itakuwa ni mara ya pili umerudi nyumbani na uamuzi mkononi.

Au ufuate ushauri wa dada yako, uchukue rai nyepesi, Februari ijayo umpe ua. Wapo wenye elimu watakaokuunga mkono. Wasiwasi wangu hapa uko kwako zaidi, kama moyoni bado unaamini ni dhambi utampa ua na uso umekunjamana, na yeye anausoma uso wako kuliko unavyodhani. Halafu utaanza kumlaumu kimoyomoyo kwamba amekupunguzia dini, na lawama ya namna hiyo huwa inakaa miaka.

Rafiki yako wa msikitini sitamjadili sana, nadhani anakutakia heri. Nikuulize tu, huyu mwanamke anayeamka na wewe alfajiri na aliyekubali neno lako bila kubisha, amekupanda kichwa wapi?

Kuhusu mama yake na tarehe 25, hapo nadhani kuna nafasi kubwa kuliko unavyoiona. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume, je niunge naye? Akaambiwa ndiyo, muunge mama yako. Na Qur'ani kwenye sura ya Luqman inasema wazazi wakikushikilia umshirikishe Mungu usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema. Kushiriki ibada yao ni kitu kimoja, kula na mama yako ni kingine, na katikati ya hayo mawili ndo wanachuoni wanabishana, wengi wanakataza hata kupongeza sikukuu yenyewe, wengine kama Shehe Yusuf al-Qaradawi, mwanachuoni mzaliwa wa Misri, walilegeza kwenye salamu za heri. Kuna wanaokwenda siku moja kabla au siku mbili baada, wanakaa na bibi, watoto wanacheza, hakuna aliyevunjiwa imani yake. Wapo pia akina bibi ambao hilo linawaumiza wakaona wamesogezwa pembeni, na mama mkwe wako anaweza kuwa mmoja wao. Mimi simjui. Mkeo anamjua, na amekuachia mlango mdogo aliposema nitamjibu. Hajamjibu bado. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na swali tu, "ungependa tumjibu nini?" halafu ninyamaze nisikilize mpaka mwisho, hata kama jibu litanikera.

Kuna mtu alikaa na Mtume akasema, ewe Mtume mimi nampenda fulani yule aliyepita. Akamuuliza, umemwambia? Akasema sijamwambia. Akamwambia basi mwambie. Yule bwana akainuka akamfuata kumwambia. Huyo ni mtu na rafiki yake kwa ajili ya Mungu, seuze mke.

Uniandikie tena ukipenda, hata kama mambo hayakwenda vizuri. Na ule moyo wa karatasi, kama bado upo kabatini usiutoe kwanza. Muulize mama mtoto kwa nini aliubandika upande wa ndani. Na binti yako umwambie B yake umeiona.